Mimbari Si Duka la Virutubisho: Ugonjwa wa Sukari, Moyo na Amana Yetu







Makala hii tumeichelewesha kwa muda mrefu, na kilichotuchelewesha ni aibu yetu wenyewe. Basi tuanze na aibu hiyo, kwa sababu hatuna haki ya kuwalaumu wengine kabla ya kukiri letu.

Alitujia muuzaji mmoja, kijana wa Kiislamu mwenye adabu na maneno mazuri. Mkobani alikuwa na chupa za mafuta ya samaki, vidonge vya habbat sauda, vidonge vya kitunguu saumu vilivyoondolewa harufu, na pakiti za chai ya majani "inayosafisha mishipa ya moyo". Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameiletea madrasa yetu mikeka miwili ya darasa, na mikeka tulikuwa tunaihitaji kweli. Akaomba dakika ishirini za kuzungumza na wazazi siku ya kikao. Sisi tukampa zaidi ya dakika ishirini: tulimpa kiti chetu. Akafungua kwa dua, akasoma hadithi, akataja magonjwa, akamaliza kwa bei.

Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo mzee mmoja, baba wa wanafunzi wetu wawili. Ana ugonjwa wa sukari wa aina ya pili kwa miaka mingi, pamoja na presha. Daktari alikuwa amempa dawa tatu: ya sukari, ya presha, na ya kolesteroli. Siku ile alinunua chupa mbili, na mwezi uliofuata akanunua tena. Fedha za nyumba yake hazikutosha kununua vyote viwili, akaziacha zile za hospitali. Muuzaji hakumwambia waziwazi aziache. Alisema tu kuwa mwili ukishasafishwa kwa vitu vya asili hauhitaji kemikali, na mzee akafahamu kama ambavyo yeyote angefahamu.

Baada ya miezi mitano, alfajiri moja akiwa anatia udhu, mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukapinda. Kilikuwa kiharusi. Alhamdulillah yu hai, lakini mwanawe wa miaka kumi na miwili ndiye anayemshika mkono kumpeleka msalani. Mtoto huyo anasoma kwetu, na kila akiingia darasani anakaa juu ya mkeka ule.

Hatusemi kuwa chupa zile ndizo zilizomletea kiharusi. Mwenye sukari na presha anaweza kupatwa hata akimeza dawa zake zote bila kukosa, na kila jambo liko katika kadari ya Allah. Tunalosema ni kwamba mzee yule aliiacha kinga aliyokuwa nayo, akaiacha kwa sababu ya maneno aliyoyasikia ndani ya madrasa, na mlango tuliufungua sisi.

Kwa hiyo makala hii inasema jambo moja: wauza virutubisho wasipewe tena mimbari wala kiti cha mwalimu, na dini yetu isitumike kumwachisha mgonjwa dawa inayoulinda moyo wake. Tutaeleza sababu zetu moja baada ya nyingine.

KWA NINI TUNAZUNGUMZIA MOYO?

Wengi wetu tukisikia "sukari" tunafikiria kidonda cha mguu kisichopona, au macho, au figo. Hayo yote ni kweli. Lakini kinachowaua zaidi watu wenye sukari ya aina ya pili ni moyo na mishipa ya damu, yaani mshtuko wa moyo na kiharusi. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2010, uliokusanya takwimu za tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupata magonjwa hayo takriban mara mbili ya asiye nacho.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka huharibu ngozi ya ndani ya mishipa. Presha ikiwa juu huisukuma na kuichubua zaidi. Kolesteroli mbaya huingia pale palipoharibika na kujenga utando mgumu. Siku moja utando ule hupasuka, damu huganda juu yake, na njia huziba. Ikiziba moyoni ni mshtuko wa moyo, ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi. Yote haya hutendeka bila maumivu. Ndiyo maana mgonjwa hujiona mzima, na ndiyo maana ni rahisi kumdanganya: ukimwondolea dawa leo, kesho hatasikia tofauti yoyote, na mwezi ujao pia hatasikia.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Wazungu na matajiri. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 katika Afrika yetu hii wanaishi na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajui. Katika kila msikiti kuna safu yenye mtu wa namna hiyo.

DAWA ZA HOSPITALI ZIMEPIMWAJE?

Mwaka 1998 huko Uingereza yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kufuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 waliogunduliwa karibuni kuwa na sukari ya aina ya pili. Waliodhibitiwa presha yao vizuri walipungukiwa na viharusi kwa asilimia 44, na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 32, wakilinganishwa na wale ambao presha yao haikubanwa sana. Na wenye uzito mkubwa waliopewa metformin, kile kidonge cha bei nafuu ambacho wengi wenu mnacho nyumbani, walipungukiwa na mshtuko wa moyo kwa asilimia 39.

Mwaka 2003 utafiti mwingine wa Uingereza, uliowahusisha karibu watu 6,000 wenye kisukari, ulionyesha kuwa kidonge cha kushusha kolesteroli kiitwacho simvastatin kilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na upasuaji wa mishipa kwa takriban robo. Angalieni, ndugu zetu: metformin, dawa za presha na dawa za kolesteroli za jamii ya statini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, yaani dawa zinazostahiki kupatikana hata katika nchi maskini.

NA VIRUTUBISHO VIMEPIMWAJE?

Hapa ndipo wauzaji wanapotuficha. Wanatuambia madaktari hawajavichunguza vitu hivi kwa sababu vitaharibu biashara yao. Si kweli. Vimechunguzwa, tena kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi, na vingine vimechunguzwa kwa watu wenye sukari hasa.

Mafuta ya samaki. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Oxford kilitoa matokeo ya utafiti uitwao ASCEND. Watu 15,480 wenye kisukari, ambao bado hawakuwa na ugonjwa wa moyo, waligawanywa kwa kura. Nusu walimeza kila siku kidonge cha gramu moja cha omega-3, na nusu kidonge cha kufanana nacho chenye mafuta ya zeituni. Wakafuatiliwa kwa miaka zaidi ya saba. Waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na mfano wa hayo walikuwa asilimia 8.9 katika waliomeza mafuta ya samaki, na asilimia 9.2 katika wengine. Kwa kanuni za hesabu tofauti hiyo si tofauti. Kabla yake, mwaka 2012, utafiti wa ORIGIN wa watu zaidi ya 12,500 wenye sukari au walio ukingoni mwake ulikuwa umefikia jibu hilo hilo.

Vitamini E. Mwaka 2000 utafiti wa HOPE uliwajaribu watu zaidi ya 9,000, baadhi yao wakiwa na kisukari. Vitamini E haikuwasaidia moyo kitu chochote. Walipoendelea kufuatiliwa, mwaka 2005 ikatangazwa kuwa waliomeza vitamini hiyo walipata zaidi moyo kushindwa kusukuma damu. Na katika utafiti huo huo ilijaribiwa pia dawa ya presha iitwayo ramipril, nayo ikapunguza vifo, mishtuko ya moyo na viharusi. Watu ni wale wale, waganga ni wale wale, kipimo ni kile kile: kidonge cha hospitali kikafanya kazi, cha vitamini kikashindwa.

Kitunguu saumu, mdalasini na manjano. Mwaka 2022 hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani ilitangaza jaribio la watu 190 waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa wa moyo. Baada ya siku 28, statini ya kipimo kidogo kabisa iliteremsha kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 38. Vidonge vya mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu na manjano havikuipita ile ya bandia isiyo na dawa ndani yake. Insafu inatulazimu tuseme kuwa jaribio hili lilikuwa fupi, lilipima kolesteroli tu, na lilifadhiliwa na kampuni ya dawa. Lakini zile tafiti mbili za mafuta ya samaki hazikuwa fupi wala ndogo, na zilihesabu maradhi yenyewe.

Habbat sauda. Yapo majaribio madogo, ya wiki au miezi michache, yaliyoonyesha kuwa huenda ikateremsha kidogo sukari na mafuta ya damu. Hilo hatulikanushi na linatufurahisha. Lakini kuteremka kidogo kwa namba ni jambo moja, na kumwepusha mgonjwa na mshtuko wa moyo ni jambo jingine. Hakuna jaribio lililoonyesha kuwa mwenye sukari anaweza kuacha dawa zake akabaki na habbat sauda moyo wake ukasalimika.

HADITHI SI TANGAZO LA BIASHARA

Sasa tufike katika jambo linalotugusa sisi walimu zaidi. Muuzaji yule hakusimama na tafiti. Alisimama na hadithi sahihi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayoitaja habbat sauda kuwa ni shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Sisi tunaiamini hadithi hiyo, na atakayesema tunaipinga atakuwa ametuzulia. Tunachopinga ni kuichukua hadithi, kuibandika kwenye chupa, na kumfahamisha mgonjwa jambo ambalo wanachuoni hawakulifahamu.

Tazameni katika Sahihi Bukhari penyewe ilipopokelewa. Ghalib bin Abjar aliugua safarini, akatembelewa na Ibn Abi Atiq, naye akaelekeza zichukuliwe punje tano au saba, zisagwe, zichanganywe na mafuta na kutiwa puani kwa matone. Kuna mgonjwa maalumu, kipimo maalumu na njia maalumu. Na Imam Al-Khattabi, kama alivyomnukuu Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, ameeleza kuwa tamko la hadithi ni la jumla lakini makusudio yake ni mahsusi, kwa kuwa hakuna mmea mmoja unaokusanya tabia zote zinazokabili maradhi yote. Wapo wanachuoni wengine walioichukua kwa ujumla wake. Lakini huo ujumla si ruhusa ya kumwambia mgonjwa aache dawa nyingine, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alielekeza tiba nyingine nyingi, za asali, za kupiga chuku na nyinginezo. Lau mmea mmoja ungetosheleza kwa kila mtu na kwa kila hali, hizo nyingine zingekuwa za nini?

Kuna na kisa kingine kinachohusu moyo hasa. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (S.A.W.) akaja kumtazama, akamweka mkono kifuani, akamfahamisha kuwa ana maradhi ya moyo, kisha akamwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa kuwa alikuwa akijishughulisha na utabibu. Tende za ajwa nazo zimetajwa humo, na wauzaji hupenda kuishia hapo kwenye tende. Wanachuoni wamezungumzia udhaifu wa isnadi yake, kwa hiyo hatujengi hukumu juu yake. Lakini anayeisoma kwa ajili ya kuuza ajwa aisome yote: mgonjwa wa moyo ameelekezwa kwa tabibu. Na mwenye sukari akumbuke kuwa tende, hata ya Madina, ina sukari nyingi, na asali kadhalika.

Mwisho wa mlango huu ni hadithi ambayo hatujamsikia muuzaji hata mmoja akiisoma. Imo katika Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, na maana yake ni kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye kudhamini madhara atakayoyaleta. Mafakihi wamejenga juu yake hukumu za fidia. Na sisi tuliompa kiti tujiulize, sehemu yetu katika dhamana hiyo ni ipi?

WANAYOTUJIBU

Tulipoanza kuyasema haya baada ya swala, tulijibiwa maneno mengi. Tuyapitie.

La kwanza: "Hivi ni vitu vya asili, havina madhara." Ndugu yetu, sumu ya nyoka pia ni ya asili. Kitunguu saumu cha mchuzi hakina neno, lakini kikimezwa kwa vidonge vingi pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, kinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Kisha nani amekuhakikishia kuwa kilichomo chupani ndicho kilichoandikwa nje? Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 walilazwa hospitali kwa kushukiwa na sukari kupita kiasi, na wanne kati yao walikufa. Wengi wao walikuwa wametumia vidonge vya nguvu za kiume vilivyouzwa kwa njia za panya, vikiwemo vya "mitishamba", ndani yake mkiwa na glibenclamide, dawa kali ya sukari, ambayo haikuandikwa popote. Basi ukimsikia mtu akisema "nimemeza mitishamba na sukari ikashuka siku ile ile", usishangilie haraka.

Na ajabu ni kuwa metformin yenyewe ina asili ya mmea. Mmea wa galega ulitumika Ulaya tangu zamani, wataalamu wakachunguza kilichomo ndani yake na vinavyofanana nacho, na mwaka 1957 tabibu wa Kifaransa Jean Sterne akatangaza matumizi ya metformin kwa wagonjwa wa sukari. Kwa hiyo hakuna vita kati ya majani na hospitali. Tofauti ni kupimwa na kutopimwa.

La pili: "Mbona fulani ametumia na amepona?" Hili tulijibu kwa kukumbusha mambo ya mwaka 2011 kwa jirani zetu wa Tanzania. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kwa jina la Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 na watu wakiamini kinaondoa sukari, presha, saratani na UKIMWI. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa mahututi wakafia njiani. Kila mmoja alikuwa na fulani wake aliyepona. Watafiti wa serikali walisema kinywaji kile hakina sumu, watu wakadhani wameambiwa kinatibu. Kutokuwa na sumu na kutibu ni mambo mawili. Babu alifariki mwaka 2021, na sukari na presha bado zipo.

Wakati ule Waislamu wengi tuliwacheka wenzetu. Leo tunafanya yale yale, ila kikombe chetu kimeandikwa kwa Kiarabu.

La tatu: "Hata madaktari huandika vitamini." Ni kweli, na hapa tuwe waadilifu. Anayetumia metformin kwa miaka anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na daktari akaona inafaa apimwe na kuongezewa. Mjamzito hupewa asidi ya foliki na madini ya chuma. Ipo pia dawa ya hospitali iliyotengenezwa kwa omega-3 ya aina maalumu, gramu nne kwa siku, ambayo katika utafiti wa mwaka 2018 ilipunguza maradhi ya moyo kwa watu wenye triglisiridi nyingi waliokuwa tayari wanatumia statini. Wataalamu wanaendelea kujadiliana juu yake, kwa sababu utafiti mwingine wa mwaka 2020 uliotumia omega-3 ya mchanganyiko tofauti haukuona faida. Lakini hiyo si chupa inayouzwa mlangoni mwa msikiti, na wale waliojaribiwa hawakuacha dawa zao. Kila mfano wa haki mtakaouleta mtaukuta una mambo mawili: kipimo kimeonyesha upungufu au haja, na kitu kimeongezwa juu ya dawa, hakikuchukua nafasi yake.

La nne, nalo ndilo zito: "Muuzaji ni ndugu yetu, ana watoto, mnamkatia riziki." Wallahi hili limetukalia moyoni. Tunajua hali ya maisha ilivyo Bujumbura, na tunajua vijana wengi wameingizwa katika biashara hizi kwa kuambiwa wanunue chupa kwanza kisha watafute wengine chini yao. Wao pia wamedanganywa. Lakini riziki ya halali haipatikani kwa kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa. Auze dukani kama wauzavyo wengine, aseme kuwa ni kirutubisho na si dawa, na asimguse mgonjwa katika dawa zake. Hapo hatuna neno naye.

TUNACHOTAKA KIFANYIKE

Kwanza, tunawaomba maimamu, kamati za misikiti na walimu wenzetu wa madrasa, kuanzia huku Mutanga Nord hadi Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga: asipewe mtu nafasi ya kuzungumzia tiba ndani ya msikiti au madrasa ikiwa ana kitu cha kuuza. Zawadi ya mikeka, maji au spika isiwe bei ya mimbari. Sisi yetu tumeshaifunga milango hiyo, na thamani ya mikeka miwili tumemrudishia aliyeileta.

Pili, mahali pa kikao kile pachukuliwe na mwenye elimu. Miongoni mwa waumini wetu wapo wauguzi na madaktari. Waombwe, mara moja baada ya miezi michache, waje na kipimo cha presha na cha sukari wakae uani baada ya Ijumaa. Kumpima mtu presha hakuchukui dakika tano, na huenda hizo dakika tano zikamwokoa.

Tatu, kila mwenye sukari amuulize daktari wake maswali manne, iwe ni Prince Régent Charles, iwe Roi Khaled kule Kamenge, iwe kituo cha afya cha mtaani: Presha yangu ni ngapi? Je, nahitaji dawa ya kolesteroli? Figo zangu zikoje? Na hiki ninachotaka kumeza kinagongana na dawa zangu? Asione haya kuitoa chupa mkobani na kuionyesha. Na madaktari nao tunawaomba wasiwakaripie wagonjwa wakionyeshwa chupa, kwa sababu mgonjwa aliyekaripiwa hurudi kwa yule anayemchekea.

Nne, fedha ya chupa iende mezani. Ndagala na mukeke wa ziwa letu, maharage, lengalenga na matunda kwa kiasi vinaujenga mwili. Tupunguze chumvi, tupunguze mawese yanayoelea juu ya mchuzi, tupunguze sukari ya chai na soda za harusini. Anayevuta sigara aiache, kwani kwa mwenye sukari sigara ni petroli juu ya moto. Na kwenda msikitini kwa miguu kuna ujira wa hatua na kuna dawa ya moyo.

Tano, tunawasemesha watoto wakubwa. Ukiona baba au mama amebadilisha dawa zake, usinyamaze kwa kuona haya. Muulize kwa adabu, mpeleke hospitali, na ukiweza mlipie. Wema kwa wazazi ni pamoja na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Na mgonjwa mwenyewe, ukishindwa bei, mwambie daktari akutafutie ya nafuu zaidi, au utuambie sisi. Kuna mfuko mdogo hapa madrasa kwa ajili hiyo, na haubagui. Usikate dawa kimyakimya. Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul Baqarah, aya ya 195, kujitumbukiza kwenye maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Hatimaye, tulikwenda kwa mzee yule kumuomba msamaha. Alitusamehe kabla hatujamaliza kusema, na hilo ndilo lililotuliza zaidi. Dawa zake tatu amezirudia, na mwanawe ndiye anayempa kila asubuhi na jioni. Tumuombee shifaa, tuwaombee wagonjwa wetu wote, na tumuombe Allah atusamehe sisi tuliokabidhiwa amana ya kufundisha tukaikodisha kwa mikeka miwili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.